Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi: Tupimiwe mkamba wa kuku Kanda ya Ziwa

Mheshimiwa Waziri,

Kuku wa mayai wakianza kukoroma Buhongwa au Igoma, wengi husema ni mafua, na mfugaji hukimbilia antibiotiki. Lakini banda zima likikoroma ndani ya siku mbili tatu, mayai yakapungua, yakawa na maganda yenye mikunjo na ute mwepesi kama maji, hapo mkamba, yaani ugonjwa wa kuambukiza wa njia ya hewa ya kuku (Infectious Bronchitis), unapaswa kushukiwa. Unasababishwa na kirusi cha korona kilichojulikana tangu miaka ya 1930 huko Marekani. Si kile cha UVIKO-19, hakiambukizi binadamu, na antibiotiki haikiui.

Chanjo ipo, ila kirusi kina sura nyingi. Sehemu ya miiba yake iitwayo S1 hubadilika mno, hata kinga ya aina moja ikashindwa kuzuia nyingine. Chanjo ya H120, kwa mfano, ni ya aina ya kirusi iitwayo Massachusetts. Ikiingia aina nyingine, kama 4/91 au QX, kuku waliochanjwa wanaweza kuugua vilevile. Kuingiza chanjo hai, yaani yenye kirusi hai kilichodhoofishwa, ya aina ambayo haipo kwetu nako ni hatari, kwa sababu virusi viwili vikikutana ndani ya kuku mmoja huweza kuchanganya vinasaba na kuzaa kipya.

Kwa hiyo tunaomba fedha za kupima kwanza, kupitia maabara ya Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) hapa Mwanza. Sampuli zichukuliwe kwenye koromeo wiki ya kwanza ya ugonjwa. Baada ya hapo kirusi hupungua kooni, kikatafutwa kwenye kinyesi, figo na tonsili za utumbo. Pamba iliyochukulia sampuli iwekwe kwenye kimiminika cha kusafirishia, ikae kwenye barafu. Ikikauka au ikipata joto njiani kutoka Ukerewe, RNA, yaani vinasaba vya kirusi, huharibika na jibu hutoka "hakuna" wakati kirusi kipo. Karatasi za FTA, ambazo huhifadhi vinasaba vya sampuli iliyokaushwa, zingesaidia visiwani, maana hazihitaji barafu. Tarehe na jina la chanjo viandikwe kwenye kila fomu, la sivyo PCR, yaani kipimo cha kutafuta vinasaba, itaonyesha kirusi cha chanjo nasi tukidhani ndicho kilicholeta ugonjwa bandani. Ndiyo maana kusoma vinasaba vya S1 ili kujua aina ya kirusi ni lazima. Sampuli hiyohiyo ipimwe pia kideri na mafua makali ya ndege, kwani dalili hufanana.

Jambo la pili ni uchanjaji wenyewe. Chanjo hai inataka nyuzi 2 hadi 8, na klorini ya maji ya bomba huiua. Maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa lita ya maji, hutangulia kuchanganywa ili kuzima klorini, kuku wakiwa wamenyimwa maji kwa saa moja hadi mbili, kisha dawa yote iishe ndani ya saa mbili. Watafiti wapime kinga kwenye mabanda ya wafugaji wadogo, si ya majaribio pekee.

Majibu yarudi kwa mabwana mifugo wa kata kwa Kiswahili, yakitaja aina iliyopatikana na chanjo inayoifaa.

Wataalamu wa afya ya kuku,
Mwanza