Mama Nickson, nahitaji msaada wa Nickson

Mama Nickson mwenzangu, habari za Dodoma? Najua nimekuwa kimya tangu tuachane kwenye ule msiba wa Kibosho, usininunie, mama mkwe tuko naye hapa tangu aanguke, mara shamba mara vikoba, siku zinakatika tu. Moshi mvua kila siku, nguo hazikauki. Sisi wazima. Ila wiki ya pili hii silali vizuri kwa ajili ya Prosper.

Amerudi likizo fupi ya Pasaka, Jumamosi nikawa nafua nguo zake, nikakuta kwenye begi kipande cha khanga, ile yangu ya kijani uliyoninunulia Mbuyuni, kimechanwa upana wa kiganja, kimezungushwa vizuri kama bandeji na pini mbili juu yake. Nikajua ameumia hakutaka kusema. Nilipomuuliza akalia, mtoto wa miaka 13 na nusu, sauti imeshaanza kukwaruza kama ya baba yake, alilia mpaka akapaliwa. Kumbe anajifunga kifua. Ameota matiti, dada, yote mawili, la kushoto limezidi kidogo na ukiligusa linauma.

Sasa fikiria maisha yake kule bwenini, bafu la wazi, wanaoga ishirini kwa mara moja, yeye anaamka saa tisa usiku akaoge peke yake na yale maji ya baridi ya mlimani. Mpira ndo kabisa ameacha, si unajua wanavyocheza, timu moja inavua mashati, akamwambia mwalimu goti linamuuma. Prosper huyu huyu aliyekuwa analala na mpira! Na kuna walioshamgundua, wanamwita Dada.

Hapa nyumbani kila mtu na lake. Baba Prosper anasema ni kuku wa kisasa na chipsi, mama mkwe anataka akandwe na gunzi la moto. Nikampeleka zahanati moja, yule wa kumpima akacheka, akamwita na mwenzie aje aone. Nilimshika mwanangu mkono tukatoka, mwili wote unanitetemeka.

Jumatatu ndo nikampeleka kwa daktari wa watoto, hospitali kubwa. Huyo Mungu ambariki. Alimuuliza Prosper mwenyewe, hakuniuliza mimi, kama anatumia dawa zozote, za fangasi, za tumbo, zile za kujaza misuli, kama anakunywa pombe, kama anavuta bangi, kisha akaniomba nitoke maana anataka kumkagua na korodani. Niliporudi akanishikisha, chini ya chuchu kuna kitu kama kifungo cha koti, kigumu kidogo ila kinacheza. Akasema mafuta ya unene hayawi hivyo, hiyo ni tishu ya titi yenyewe. Kila mwanaume ana homoni ya kike kidogo, estrojeni, sasa balehe ikianza hiyo estrojeni inaweza kuizidi nguvu testosteroni, ile homoni ya kiume, kwa muda, na hapo ndo kifua kinavimba. Kuku hahusiki, wavulana walikuwa wanaota hivi kabla hata hao kuku hawajaja. Kwa wengi inaisha yenyewe, miezi 6 mpaka miaka 2, wengine inafika 3. Turudi baada ya miezi 6, au mapema kama inakua haraka, au chuchu inatoa maji, au kuna uvimbe mgumu uliong'ang'ania. Na asikandwe wala kukamuliwa. Nikamkumbuka Nickson mchanga, kifua kilivyovimba bibi akataka kukikamua, nesi akamzuia, kumbe zile zilikuwa homoni zako wewe mama yake.

Ila kilichonikaa kichwani ni daktari alivyosema karibu nusu ya wavulana inawapata, hasa miaka 13 na 14. Nusu, Mama Nickson! Nikawa nawahesabu wale ishirini wa bafuni, kwa hiyo kuna wengine mle nao wanajificha, labda hata anayemwita mwenzie Dada ana lake chini ya shati.

Nilimwambia Prosper hivyo tukiwa kwenye daladala. Akaangalia dirishani, akasema, "Anasema hivyo kunifariji." Hajaamini, na mimi siwezi kumwaminisha, mimi ni mama.

Ndo nikamkumbuka Nickson. Ule mwaka tulipokuja kwenu, jua la Dodoma lote lile na hakuvua sweta, ukaniambia jikoni kwa sauti ya chini, mimi nikasema atakua tu, nikaendelea kumenya ndizi. Ulikuwa unalia moyoni na sikukusikia. Nisamehe sana kwa hilo, nimelielewa juzi nikiwa na ile khanga mkononi.

Naomba Nickson ampigie mdogo wake, aongee naye kiume, dakika kumi tu. Lakini muulize kwanza, asipotaka usimlazimishe, ni siri yake na Prosper sijamwambia kitu. Jumapili anarudi shule na kule simu hawaruhusiwi.

Na wewe nijibu haya. Kwa Nickson ilichukua muda gani mpaka ikaisha? Iliisha yote? Shuleni ulimwambia mtu? Nikimwambia patroni atamlinda au ndo bweni zima litajua? Prosper ananiomba nimhamishie kutwa, nimkubalie au nitakuwa nimemfundisha kukimbia? Daktari anasema asijibane kifua, avae singlendi nzito ya rangi nyeusi inatosha, nimeshamnunulia mbili Memorial. Kile kipande cha khanga nimekifua, kimekauka, kiko hapa kitandani kwangu. Nimrudishie kwenye begi?

Mama Prosper