Shangazi, Ella hakopi nyimbo za watu

Shikamoo shangazi yangu. Natumai Tanga hamjambo wote na mguu umeshapata nafuu. Hili jambo naliandika hapa hadharani kwa sababu najua sio wewe tu unayesema hivo, wapo wengi sana, na pia jibu langu ni refu, haliwezi kuenea kwenye voisi noti. Ulisema huyo Ella Fitzgerald wangu, mwimbaji wa jazi wa Marekani, kazi yake kuimba nyimbo za watu, hana wimbo wake mwenyewe, sasa mimi nampendea nini hasa. Halafu ukaongeza kwamba hata uchungu hana, sauti imenyooka tu.

La kwanza kwa sehemu kubwa ni kweli, siwezi kubisha. Nyimbo nyingi alizorekodi zilitungwa kwa ajili ya tamthilia za muziki za Broadway, mtaa wa majumba ya tamthilia kule New York, na filamu za Marekani miaka ya 20, 30 na 40, na yeye alipoanza kuzirekodi kwa mpangilio mwaka 1956 zilikuwa zimeshaimbwa na kila mtu, kila bendi ya ukumbini inazijua. Lakini shangazi, wewe mtu wa taarab ndo unaniambia hivo? Si mshairi anakaa anatunga beti zake, mwingine anazitia muziki, mwimbaji anakuja mwisho kabisa, na watu wakinyanyuka kwenda kutunza wanamtunza nani? Bi Kidude kaimba nyimbo za Siti binti Saad mpaka anafariki 2013, na Siti alishaanza kurekodi kule Bombay tangu 1928, sijawahi kusikia mtu wa Unguja wala Tanga anasema Bi Kidude kakopi. Tunasema kaupokea wimbo. Basi na huyu naomba umpe haki hiyohiyo.

Kwanza ujue katokea wapi. Kazaliwa 1917 Virginia, kakulia Yonkers karibu na New York, mama yake kafariki akiwa binti mdogo wa miaka kama 15, akateseka sana, kuna kipindi analala popote pale mitaa ya Harlem, kwa watu weusi wa New York. Novemba 1934 akapanda jukwaa la ukumbi wa Apollo hapohapo Harlem kwenye shindano la wasiojulikana, na alikwenda kucheza, sio kuimba, ila kabla ya zamu yake wakapanda wadada wawili wacheza dansi hatari, akaona hapa siwezi kuwafuata hawa, akaamua palepale aimbe. Akashinda. Mwaka uliofuata yupo kwenye bendi ya Chick Webb, 1938 nchi nzima inamjua.

Sasa meneja wake, Norman Granz, ndo aliyekuja na wazo la kuzirekodi hizo nyimbo kwa mpangilio kwenye santuri. Granz alikuwa haruhusu kabisa watazamaji weusi na weupe kutengwa kwenye maonyesho yake, na Oktoba 1955 huko Houston polisi waliingia hadi chumba cha wasanii nyuma ya jukwaa wakawakamata, Ella akiwemo, eti kuna mchezo wa kamari. Miezi michache baadae mwanamke huyohuyo anaingia studio, anarekodi nyimbo 32 za mtunzi Cole Porter kwa utulivu ule. Granz alikuwa ameanzisha lebo, yaani kampuni ya kutoa santuri, inaitwa Verve, na wazo lenyewe lilikuwa kila mtunzi apewe santuri zake peke yake, mtu akae asikilize kazi yake kama anavyosoma diwani. Wakaendelea hivo mpaka 1964, Rodgers na Hart, Ellington, Berlin, ndugu wawili Gershwin, Arlen, Kern, Mercer. Ya Gershwin peke yake ilitoka 1959 ina nyimbo zaidi ya 50, santuri tano, na okestra kaipanga Nelson Riddle. Ira Gershwin, aliyeandika maneno, alisema hakujua nyimbo zao ni nzuri kiasi kile mpaka alipomsikia Ella akiziimba. Mtunzi mwenyewe huyo shangazi, sio mimi.

Kitu nachotaka usikilize ni hiki. Zile nyimbo kule kwenye tamthilia zilikuwa na utangulizi, beti chache nusu kuongea nusu kuimba, za kumtoa mhusika kwenye mazungumzo na kumuingiza kwenye wimbo. Zilipohamia redioni na kwenye kumbi za dansi utangulizi ukakatwa, maana wachezaji wanataka ile sehemu inayojulikana tu. Ella nyingi kazirudishia. Chukua wimbo wa Rodgers na Hart wa 1925 unaitwa "Manhattan". Bila utangulizi unasikia mtu anasifia tu mitaa ya New York, joto la kiangazi, treni ya chini ya ardhi, kila kitu kizuri, unaweza kudhani ni tangazo la utalii. Ila Ella anaanza pale mwanzo kabisa, wapenzi wawili wanasema safari za kwenye maporomoko ya Niagara zinaongeza mawazo tu bora tuokoe nauli, tuna kachumba ketu tutulie hapahapa mjini. Kumbe hawana hela! Fungate ndo hiyo, kutembea mjini. Ukishalijua hilo, kila mtaa anaoutaja unakuchoma kidogo, na yeye hakulii wala hakukonyezi, anakutajia tu, kila herufi unaisikia, hakuna neno linalomezwa. Wewe uliyekuwa unatugombeza kwa matamshi tukiimba vibaya jikoni ungempenda kwa hilo tu hata kama usingeelewa Kiingereza.

Na kuhusu uchungu. Watu wengi wanamlinganisha na Billie Holiday, mwimbaji mwenzake wa jazi, wanasema Billie ndo anaumia, Ella anafurahi tu. Mimi Billie nampenda mno, simgusi. Ila naona Ella anamuamini mtunzi, kama huzuni ipo kwenye wimbo yeye haongezi ya kwake juu. Nenda kwenye "Ev'ry Time We Say Goodbye" ya Cole Porter. Kuna mahali maneno yanasema jinsi hali inavyogeuka ajabu wakati wa kuagana, kutoka meja, ule mpangilio wa sauti wenye uchangamfu, kwenda maina, ule wenye huzuni, na Porter kafanya jambo la kifundi kweli, neno maina likitamkwa na muziki chini yake unageuka kuwa maina palepale. Mwimbaji mwingine akifika hapo angetikisa sauti, angevuta, angekuonyesha kwamba hapa pana huzuni. Ella anapita sauti imenyooka kabisa, hivohivo ulivyosema wewe, na kwa sababu yeye hatikisiki unausikia muziki ukigeuka chini ya miguu yake. Huo unyoofu ndo nnaoupenda shangazi. Naomba urudie hapo mara mbili tatu ukiwa peke yako, watoto wakishalala.

Na usidhani ni mtu wa kukariri tu maneno. Februari 1960 yupo Berlin, ukumbi umejaa, anaimba "Mack the Knife", katikati maneno yakamtoka kichwani. Hakusimama. Akaanza kutunga mengine papo hapo juu ya mdundo uleule, akiimba kwamba ameusahau wimbo, akamtaja mwimbaji Bobby Darin, akaigiza na ile sauti ya mikwaruzo ya mpiga tarumbeta Louis Armstrong, bendi inamfuata tu na watu wanashangilia. Walikuwa wanarekodi, wakaitoa vilevile ilivyo, na ikampa tuzo ya Grammy.

Sio zote nazipenda sawa. Kwenye zile za mwanzo za 1956 mpangaji wa muziki Buddy Bregman wakati mwingine anajaza matarumbeta mengi mpaka unatamani anyamaze, na ya Ellington ni nzuri lakini kwa mtu anayeanza ni nyingi mno, iache kwanza. "Bewitched" usiiruke, ni dakika 7 nzima, mwanamke mtu mzima kapenda kijana asiye na maana na anajua hana maana, mafumbo yake utayaelewa upesi kuliko mimi, binamu akutafsirie na uone kama hatoona aibu.

Ila kabla ya hizo zote anza na ile ya nyuma, ya 1950, kabla hata ya Granz na Verve. Nyimbo 8 tu za Gershwin, hakuna okestra, hakuna ngoma, Ella na piano ya Ellis Larkins basi. Nimeshamtumia binamu kwenye simu, mwambie akuwekee kwa spika, na uanze na "Someone to Watch Over Me", halafu unipigie uniambie umesikia nini, usinihurumie.