Barua ya wazi kwa Inspekta Jenerali wa Polisi kuhusu milango yetu

Mheshimiwa Inspekta Jenerali,

KUH: KUINGIA MAKAZI YA WATU BILA KIBALI CHA MAHAKAMA

Ninakuandikia nikiwa mpangaji mtaani Kayole, katika ploti ya nyumba kumi na nne zinazotumia lango moja. Majuzi, saa tisa usiku, wanaume wanne waliojitambulisha kuwa polisi, mmoja tu akiwa na sare, walimwamuru mlinzi wetu afungue lango, wakagonga mlango baada ya mlango wakisema wanatafuta simu za wizi. Jirani yangu, mama fundi cherehani ambaye pia ni mweka hazina wa chama chetu, aliomba aonyeshwe kibali, akaambiwa anyamaze. Waliondoka na simu yake pamoja na kibweta cha michango yetu, bila kumwachia hata kikaratasi. Kulipokucha alikwenda kituoni, na katika kitabu cha matukio hapakuwa na neno lolote kuhusu msako huo.

Ibara ya 31 ya Katiba inampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo haki ya kutopekuliwa mwili, nyumba au mali yake na kutonyang'anywa vitu vyake. Haibagui kati ya mwenye nyumba na anayelipa kodi mwisho wa mwezi. Ninajua kwamba kifungu cha 60 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 kinamruhusu afisa kuingia bila kibali, nami sikipingi, kwa kuwa mayowe yakisikika ndani ya nyumba hakuna anayetaka polisi wasimame nje wakimngoja hakimu. Lakini kifungu hicho kinadai afisa awe na sababu ya kuridhisha ya kuamini kwamba kitu kinachohitajika katika uchunguzi kimo humo, na kwamba kungoja kibali kungeuharibu uchunguzi wenyewe. Wanaogonga milango kumi na minne kwa zamu wanabahatisha. Mahakama ya Makadara nayo haiko mbali na kwetu.

Jambo linaloniumiza zaidi ni saa yenyewe. Kifungu cha 119 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinataka hata hati ya upekuzi iliyotolewa na hakimu itekelezwe kati ya macheo na machweo, isipokuwa mahakama iwe imeruhusu saa nyingine. Ikiwa mwenye hati anafungwa na jua, asiye na hati anatoa wapi uhuru wa kuja watoto wakiwa wamelala na mama akiwa na kanga moja? Tena gizani hatuwezi kumtofautisha afisa na jambazi, kwa sababu majambazi nao hugonga wakidai kuwa polisi. Siku ile mlinzi wetu alifungua kwa hofu, si kwa sababu aliwatambua, na yeyote atakayekuja kesho akitumia sauti ile ile atafunguliwa vivyo hivyo.

Wakazi wa Eastleigh hawajasahau Aprili 2014, wakati wa Usalama Watch, operesheni ya serikali dhidi ya ugaidi, nyumba zilipoingiwa na maelfu ya watu wakakamatwa, wengi wao wakizuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Tunaoishi Eastlands, yaani mitaa ya mashariki mwa Nairobi, tulijifunza wakati huo jinsi ruhusa ya dharura inavyoweza kutandazwa juu ya mtaa mzima.

Ombi langu ni moja, nalo halihitaji Bunge. Toa agizo kwamba afisa anayekusudia kuingia nyumba bila kibali aandike kwanza katika kitabu cha matukio ni nyumba ipi, anatafuta nini na kwa nini hakuweza kumngoja hakimu. Na kabla ya kuondoka amwachie mwenye nyumba orodha ya vitu alivyochukua, yenye jina lake, namba yake ya utumishi na sahihi. Katiba yenyewe, katika Ibara ya 50, inaitaka mahakama iukatae ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za mtu iwapo ungeharibu usawa wa kesi au haki kwa jumla, kwa hiyo maandishi hayo yatamfaa pia afisa mwadilifu atakaposimama kizimbani kutoa ushahidi.

Jirani yangu bado anadaiwa na wanachama pesa ambazo hakuzitumia. Akiipata karatasi hiyo, hata sasa, atakuwa na cha kuwaonyesha.

Wako mwaminifu,
Mpangaji, Kayole, Nairobi