Ndoo yangu ya taka haiwaki

Ndugu Mhariri,

Kila ninaposikia watu wakitaka Dodoma ichome taka za majumbani ili ipate umeme, naitazama ndoo yangu. Imejaa maganda ya ndizi na tikiti, mashina ya mchicha na ukoko wa ugali. Ukiinyanyua inachuruzika maji. Haya, washa kiberiti!

Wenzetu wa Ethiopia wamejaribu. Mtambo wa Reppie, Addis Ababa, ulizinduliwa Agosti 2018, umejengwa kuchoma tani zipatazo 1,400 kwa siku na kufua megawati 25 hivi. Bwawa la Julius Nyerere ni megawati 2,115. Kwa hiyo tanuri la taka kazi yake kubwa ni kupunguza dampo, umeme ni nyongeza tu. Na moshi wake lazima uchujwe, kwani plastiki ikiungua vibaya hutoa sumu iitwayo dioksini, na vichujio hivyo ni ghali. (Moto tunaouwasha nyuma ya nyumba jioni hauchujwi kabisa, najua.)

Mimi ningeanza na kutenganisha. Maganda yaoze yawe mboji. Mashamba yetu ya zabibu na mtama yanaihitaji. Chupa za plastiki zina wenyewe tayari, vijana wanaopita na viroba alfajiri. Kitakachobaki kikavu ndicho tukipigie hesabu ya tanuri.

Shida ni kwamba hata nikitenganisha, lori linalopita mtaani kwetu linachanganya vyote mbele ya macho yangu.

Mkazi wa Chang'ombe,
Dodoma