Mzigo umetoka Vingunguti haujafika Kimara, sasa uko stoo gani?

Wateja wetu wengi wameanza na kistoo kimoja nyuma ya duka Kariakoo, biashara ikachanganya wakachukua godauni Vingunguti au Chang'ombe maana kodi za Kariakoo kila mtu anazijua, halafu likafunguliwa tawi Kimara, jingine Mbagala. Hapo ndo simu zinaanza kuja kwetu sisi tunaofunga programu za stoo, na malalamiko ni yale yale: mzigo unapotea. Bosi ameshaamini vijana wanaiba. Wezi wapo, sikatai, ila mara nyingi tukikaa chini tukafungua madaftari tunakuta mzigo umepotelea kwenye hesabu tu, na sehemu yenyewe ni pale katikati ukiwa kwenye kirikuu.

Chukulia unauza rangi. Saa nne asubuhi godauni linatoa ndoo 60 za Kimara, mtunza stoo anaandika kwenye kaunta buku, anapiga picha anatupia kwenye grupu la WhatsApp, kwake kazi imeisha. Gari likipita Kariakoo linashusha ndoo 10 kwa sababu kuna fundi kaja na hela mkononi na dukani zimeisha, zinauzwa pale pale hata ndani haziingii. Ni masika, Jangwani maji yamejaa barabara ya Morogoro imefungwa, dereva anazungukia Buguruni ashike Mandela mpaka Ubungo, foleni unaijua, anafika Kimara usiku duka limefungwa, anapokea mlinzi. Asubuhi muuzaji anahesabu ndoo 49, anaandika 49. Moja mfuniko ulipasuka rangi ikamwagika, dereva kaiacha kwenye gari akijua atamwambia mtu.

Hapo hakuna aliyeiba hata ndoo moja. Lakini mwisho wa mwezi daftari la godauni linasema zimetoka 60, la Kimara linasema zimefika 49, Kariakoo imeuza ndoo 10 ambazo kwenye daftari haikuwahi kuwa nazo, na kijana wa Kimara anakatwa mshahara. Hili linatuuma sana, tumeona watu wazuri wakifukuzwa kazi kwa hesabu za namna hii.

Dawa yake ni kuwa na stoo ya njiani. Haina mlango wala kufuli, ipo kwenye programu tu. Mzigo ukitoka godauni unaingia stoo ya njiani, unakaa hapo mpaka anayepokea aseme nimepokea, na atakachoingiza ni kile alichohesabu yeye. Akipokea 49 kwenye 60, zile 11 zinabaki zinaning'inia njiani zikiwa na tarehe, jina la dereva na namba ya uhamisho, na bosi anaziona siku hiyo hiyo kwenye simu yake. Zile 10 zinahamishiwa Kariakoo ndo mauzo yanakatwa, ile moja inaandikwa imeharibika, njiani inabaki sifuri. Odoo na ERPNext, programu za kuendeshea biashara, zote zinaweza kufanya hivi, na ukipata anayejua kuziseti huhitaji kutengenezewa programu mpya kutoka mwanzo, usikubali kutozwa mamilioni kwa kitu ambacho tayari kipo.

Ila programu peke yake haitoshi. Sisi tunaseti anayepokea asione idadi iliyotumwa mpaka amalize kuhesabu, maana akiona 60 ataandika 60, ni binadamu na ana wateja wanasubiri kaunta. Pia tunazima uwezo wa kuuza stoki ya hasi, yaani kuuza kitu ambacho mfumo unaonyesha hakipo. Wateja wanalalamika mwanzoni kwamba duka linakataa kuuza kitu ambacho kipo mbele ya macho yao, ni kweli inakera, lakini ukiruhusu hasi umeruhusu kila mtu auze kitu ambacho hakijapokelewa, na utarudi kule kule kwenye daftari.

Kingine ni vipimo. Godauni wanahesabu katoni, duka linahesabu kopo. Kama kwenye mfumo hujasema katoni moja ina kopo ngapi, siku moja mtu atatuma 5 akimaanisha katoni na mwenzake atapokea 5 akimaanisha kopo.

Faida ambayo watu hawaitegemei ni kwenye kuagiza. Tawi la Kimara likiuza ndoo 6 kwa siku na mzigo ukichukua siku 2 kufika, ndoo 12 zinaondoka wakati unasubiri, weka akiba ya siku moja nyingine, basi zikibaki 18 mfumo unamwambia godauni peleka Kimara. Na kabla hujamlipa msambazaji oda mpya angalia kwanza matawi yote, unaweza ukakuta Mbagala wana rangi ile ile imekaa miezi inakaribia kueksipaya, hela yako imelala kule wakati huku unakopa kununua nyingine.

Watu wanatuuliza pia kuhusu risiti. Kuhamisha mzigo wako mwenyewe kutoka stoo yako kwenda duka lako siyo mauzo, kwa hiyo usiingize kwenye mashine ya risiti ya EFD, utajikuta umetangaza mauzo mara mbili. Dereva apewe delivari noti yenye namba ile ile ya uhamisho kwenye mfumo, nakala ibaki godauni, akisimamishwa njiani awe na karatasi inayoeleza mzigo unatoka wapi na unakwenda wapi.

Ukitaka tukufungie, kazi inaanza na kuhesabu, na hapa hatubembelezi. Stoo zote zinahesabiwa siku moja, sisi tunapenda Jumapili, na siku hiyo hakuna gari linalotoka, kama kuna mzigo ulitoka Jumamosi haujafika nao unahesabiwa kwenye stoo ya njiani. Ukihesabu Vingunguti Jumapili na Mbagala Jumatano mzigo uliohama katikati utahesabiwa mara mbili au usihesabiwe kabisa. Njoo na orodha ya bidhaa zako, bei ulizonunulia, na yule mtunza stoo wako wa siku zote, maana yeye ndo anajua kipi kimefichwa nyuma ya kipi.