Vipimo vya Baba na Mama kabla ya safari ya meli

Southampton, Uingereza

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Baba na Mama wafikishie shikamoo zangu. Nafasi zao kwenye meli zimeshathibitishwa, kwa hiyo kazi iliyobaki iko huko Mbeya, na wewe ndiye utakayewapeleka hospitali. Anza wiki 8 kabla ya siku ya meli kung'oa nanga, usingoje tukaribie.

Cha kwanza ni homa ya manjano, maana hiyo ndiyo inayoweza kuzuia safari nzima. Meli itapita Dakar, na Senegal imo kwenye ukanda wa ugonjwa huo, hivyo bandari za mbele zinaweza kudai cheti kwa kila abiria aliyetokea huko. Chanjo ni sindano moja, na cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa. Mama alishachanjwa zamani na kadi yake imeandikwa miaka 10. Asirudie. Tangu Julai 11, 2016 kadi hizo zinatambulika kwa maisha yote, hata zilizotolewa kabla ya hapo.

Kwa Baba lazima twende taratibu. Amevuka miaka 60 na hajawahi kuchanjwa. Chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na kwa wazee wanaochanjwa mara ya kwanza madhara makali, ingawa ni nadra, hutokea zaidi kuliko kwa vijana. Aonane na daktari kwanza, amweleze dawa zote anazotumia, hasa zinazoshusha kinga, na kama mayai humdhuru. Daktari akiona asichomwe, aandike barua ya msamaha kwa Kiingereza au Kifaransa, aisaini na kuigonga mhuri. Nitumie picha yake siku hiyohiyo, kwa sababu kampuni ya meli inaweza kuikataa, na ni heri tujue kabla sijalipa salio.

Akiruhusiwa, piga simu kituoni kabla ya kupanda gari kwenda Tunduma au kokote mtakakoelekezwa. Chupa moja ya chanjo huwa na dozi kadhaa, na ikishafunguliwa hutupwa baada ya saa 6, ndiyo maana vituo vingine huchanja siku maalumu tu ili watu wafike kwa pamoja.

Kadi ikaguliwe hapohapo dirishani. Majina yafuatane kama yalivyo kwenye pasipoti, yote matatu, si lile la kadi ya kliniki. Mwezi uandikwe kwa herufi, si kwa tarakimu. Namba ya toleo la chanjo iwepo. Mchanjaji aweke saini kwa mkono wake, kwani mhuri peke yake hautoshi, na Baba naye asaini sehemu yake. Pakifutwa au kurekebishwa popote, cheti kinaweza kukataliwa, kwa hiyo omba kadi mpya badala ya kukubali kusahihishiwa kwa kalamu.

Vipimo vingine ni kwa ajili ya fomu ya afya na bima: presha, wastani wa sukari ya damu wa miezi mitatu, figo, na kipimo cha umeme wa moyo kwa Baba. Vifanyike wiki ya kwanza kabisa, ili dawa ikibadilishwa tupate muda wa kuona kama inamkubali. Kila ugonjwa tuutaje kwenye bima. Presha iliyofichwa ndiyo sababu ya madai kukataliwa, na gharama za kumtoa mgonjwa melini kwa helikopta hakuna wa kwetu anayeziweza. Dawa ikibadilishwa baada ya bima kununuliwa, niambie niwajulishe.

Mtu akikuambia lazima wapigwe picha ya kifua ya TB kwa ajili ya viza, usilipe. Uingereza huidai kwa wanaokuja kukaa zaidi ya miezi 6, na wao wanakuja kutembea.

Dawa ziwe za safari nzima na wiki 2 za ziada, ndani ya pakiti zake, pamoja na barua ya daktari yenye majina halisi ya dawa, si ya kibiashara tu. Zikae kwenye begi la mkononi. Bandarini masanduku huchukuliwa na kufikishwa chumbani saa kadhaa baadaye, na dozi ya jioni ya Baba haiwezi kusubiri.

Jambo moja la malaria. Mbeya ni baridi, lakini watalala Dar es Salaam kabla ya ndege ya kuja huku. Yeyote akipata homa melini, hata wiki kadhaa baadaye, amwambie daktari wa meli kwamba ametoka Tanzania na aombe kupimwa malaria siku hiyohiyo. Madaktari wa huku mara nyingi huanza kufikiria mafua.

Ukishapata tarehe ya daktari nipigie usiku, nikupe orodha ya maswali ya fomu.

Dada yako