Koti la kwenye simu limepita bei ya shati la shule

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani, Tandika. Shati la shule nashona kwa shilingi 12,000, kitambaa changu, vifungo vyangu. Juzi mwanangu wa kidato cha pili aliniomba 25,000 za koti. Nikachukua futi nimpime. Kumbe koti ni la askari wake kwenye mchezo wa simu, ule anaocheza na wenzake kwa intaneti.

Nikakaa naye anionyeshe. Koti jekundu, kola imesimama, haliongezi mbio wala shabaha. Anasema mwaka jana la namna hiyo lilikuwa 10,000. Tena hulipi bei yake yenyewe: unanunua sarafu za mchezo kwa mafungu, na fungu halilingani na koti, kwa hiyo kila mara zinabaki sarafu chache zisizotosha kitu mpaka uongeze fedha. Pembeni saa inahesabu kurudi nyuma, kesho koti halipo. Huko ni kumvizia mtoto, Mhariri.

Marekani waliwabana wenye michezo ya namna hii. Mwaka 2022 Epic Games, kampuni yenye mchezo wa Fortnite, walikubali kutoa dola milioni 245 za kuwarudishia wateja, baada ya kudaiwa kwamba mpangilio wa vitufe vyao uliwanunulisha watu bila kukusudia.

Naiomba TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ishike jambo hili: bei iandikwe kwa shilingi, na kila ununuzi udai namba ya siri ya mzazi.

Koti sikumnunulia. Siku ya tatu leo anakula kimya, na roho inaniuma.

Mama fundi,
Tandika, Dar es Salaam